Mkono wa Baba na Mchezo wa Vibuyu

Asubuhi ile niliondoka kijiji cha Ndama kama ninavyoondoka kila mahali, bila kuaga na bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimepanga chumba pale tangu mvua zilipoanza. Nilipalilia mashamba ya watu, nilibeba matofali, na nilipokosa kazi nilifungua redio mbovu za majirani nione ndani kuna nini. Siku hiyo nilipofungua mlango ukungu ulikuwa umeshuka hadi kizingitini, na migomba ya jirani ilionekana ncha za majani tu. Nikajisikia kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake kupita adabu. Nikakunja blanketi, nikafunga begi, nikauacha ufunguo dirishani.

Barabarani nikasimamisha kenta iliyokuwa inaelekea upande wa Kyerwa.

"Unashukia wapi, kaka?" dereva akauliza.

"Popote utakapochoka kunibeba."

"Basi panda nyuma. Mimi huchoka upesi."

Nyuma kulikuwa na magunia matupu ya kahawa, yamerundikwa mpaka juu. Nikalala chali juu yake, gari likaondoka, na harufu ikanipanda puani kabla sijapata nafasi ya kujitetea. Gunia la kahawa kavu halinuki kama kahawa ya kikombeni. Linanuka maganda, vumbi la uani, moshi kidogo, na uchachu kama wa kitu kilichosahauliwa kwenye turubai na mvua ikakikuta. Ninyi mliokulia huku wakati mmoja na mimi mnaijua harufu hiyo, na labda inawarudisha kwenye likizo na kuchuma kahawa na kuimba. Mimi hunirudisha kwenye sebule yetu ya Nyakatuntu, televisheni imewashwa, na baba amesimama mbele yake akijaribu kuurusha mkono ambao watu walisema umekufa.

Ndivyo walivyosema. Baba alikuwa ameanguka shambani, katikati ya migomba, panga likiwa bado mkononi. Alirudishwa kutoka hospitali mdomo ukiwa umeshaanza kukaa mahali pake na mguu ukikokota, lakini mkono wa kulia ulining'inia kama mkono wa shati lililoanikwa. Jirani mmoja alipokuja kutupa pole alimwambia mama, mimi nikisikia, "Mkono ndio umekufa. Mengine yatarudi." Nilikuwa mdogo, bado sijabadilisha meno yote, na nilichokijua kuhusu kufa ni kwamba anayekufa huwa ameenda mahali. Kanisani walisema hivyo, na nyumbani walisema hivyo. Nikaanza kujiuliza mkono wa baba umekwenda wapi.

Jibu nililipata shangazi Domitila alipokuja. Alikuwa dada yake baba, akifanya kazi za ndani Mwanza kwa familia ya wageni, na wageni hao walikuwa wamerudi kwao wakamwachia vitu vilivyowashinda kubeba. Alitua na mabegi mawili, akamkumbatia baba, akalia, akajifuta, kisha akatoa kwenye taulo kisanduku cheupe na rimoti nyeupe yenye kamba ya kufunga kwenye kifundo cha mkono.

"Hii ni nini, waitu, wifi yangu?" mama akauliza.

"Ni mchezo. Watoto wa mabosi wangu walikuwa wanacheza wamesimama, wanarusha mikono mpaka wanatoka jasho. Nesi si alisema mkono usiachwe ulale? Basi tuuchezeshe."

Mama akakitazama kile kisanduku kama anavyotazama mkungu ulioletwa na mtu asiyemwamini. "Na umeme?"

"Sola mnayo."

Tulikuwa nayo, paneli moja juu ya bati na betri iliyokaa chini ya meza, na televisheni ndogo ambayo baba aliinunua mwaka ambao kahawa ilitoka vizuri. Watu walikuwa wakija kwetu kutazama taarifa ya habari. Lakini betri ilikuwa na pumzi fupi. Tukicheza jioni, basi tutakula kwa koroboi. Mama alilisema hilo siku ya kwanza na akalirudia siku zote.

Dada yangu Evodia, aliyekuwa karibu kumaliza shule ya msingi na aliyejiona ameshaimaliza, ndiye aliyeunganisha nyaya. Kwanza mchezo ulitaka utengenezewe mtu. Evodia akachagua uso mpana, akauwekea masharubu, akaandika BABA. Kisha yule mtu akatokea amesimama kwenye sakafu inayong'aa, na mimi nikasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Alikuwa na kichwa, alikuwa na kiwiliwili, lakini hakuwa na mikono. Alikuwa na viganja tu, viwili, vya mviringo kama matonge ya ugali, vikielea pembeni mwake bila kiwiko wala bega.

"Viganja vyake vimeshikwa na nini?" nikauliza.

"Na hewa," Evodia akasema. "Toa kichwa, hatuoni."

Sikuuliza tena. Nilikuwa nimeshaelewa. Huku sebuleni kulikuwa na baba mwenye mkono usio na uhai, na mle ndani kulikuwa na baba mwenye kiganja kisicho na mkono. Mtu yeyote mwenye akili angeona kwamba vitu hivyo viwili ni vya mwili mmoja na vimetengana. Kazi iliyobaki ilikuwa kuvirudisha pamoja.

Mchezo wenyewe leo najua unaitwa boling. Mpira unaviringishwa kwenye njia ndefu, mwisho wa njia vimesimama vitu kumi vyeupe vyenye shingo nyembamba, unajaribu kuviangusha vyote. Baba alipoviona alicheka kwa mara ya kwanza tangu aanguke.

"Hivi si vibuyu vya pombe yetu ya ndizi, vya rubisi?" akasema, maneno yakitoka polepole. "Mpaka shingoni vimefungwa kamba nyekundu. Nani kavipanga hivi njiani kama mlevi?"

Kuanzia hapo kwetu ukaitwa mchezo wa vibuyu.

Vidole vyake havikuweza kushika. Vilikuwa vimejikunja ndani ya kiganja, na nesi aliyewahi kuvinyoosha alisema vitakuwa vigumu kurudi kuliko viungo vyote. Kwa hiyo mama alichana kipande cha kanga, akaifunga rimoti kwenye ngumi ya baba, na kamba nyeupe ikafungwa kwenye kifundo. Chini ya rimoti kulikuwa na kitufe cha kubonyeza wakati wa kurudisha mkono nyuma, na kukiachia mkono unapokwenda mbele. Hilo lilikuwa jukumu langu. Nilisimama chini ya kwapa lake, kidole changu kwenye kitufe, na tulirusha pamoja, yeye bega na mimi kidole.

"Nyuma," baba anasema.

Bega linatetemeka, mkono unakwenda nyuma kidogo, kama mlango ulioota kutu.

"Mbele. Achia!"

Naachia. Mle ndani kiganja kinarusha mpira. Siku za mwanzo mpira ulidondokea mferejini, pembeni mwa njia, na yule baba wa televisheni aliinamisha kichwa kwa huzuni. Evodia alikuwa hamhurumii mtu. "Baba, hata kuku wetu angekigusa kimoja." Baba alimjibu, "Ngoja. Vibuyu hivi havina rubisi ndani, ni vyepesi. Vitaanguka vyenyewe kwa aibu."

Na vikaanza kuanguka. Kwanza viwili vya pembeni, kisha vingi. Siku vilipoanguka vyote kumi kwa mara moja televisheni ilipiga makofi, shangazi akapiga kigelegele, na mimi nikaruka nikipiga kelele, "Vyote! Vyote!" Hata mama alitoka jikoni na mwiko. Akasimama mlangoni, akaona bega la mumewe limeinuka hadi usawa wa kifua. Hakusema neno kuhusu betri jioni ile. Tulikula kwa koroboi, na niliona machozi yake yaking'aa kwa mwanga wa koroboi, akayasingizia moshi.

Mpaka hapa nimeeleza kama ulikuwa mchezo tu. Ulikuwa na jambo kubwa nyuma yake, na hata mimi nililijua kwa namna yangu.

Kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, kilikuwa kimeingiwa na mnyauko. Aliyeuona ugonjwa huo hausahau: jani linageuka manjano kama limechemshwa, mkungu unaiva kabla ya siku zake na ndani umeoza, na ukikata shina linatoka usaha. Mgomba uliougua hauponi. Unang'olewa na kisiki chake chote, na panga lililougusa linapitishwa kwenye moto kabla halijagusa mwingine. Baba alikuwa katika kazi hiyo alipoanguka. Mama na Evodia waliiendeleza, waling'oa mpaka viganja vikachubuka, lakini kila walipong'oa mmoja, mingine ilinyauka nyuma yao. Na kibanja chetu kilipakana na cha baba mdogo Anselimi, na chake kilipakana na vya wengine wa ukoo.

Anselimi alikuja jioni moja, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Kaka, mimi nakuonea huruma. Lakini ugonjwa hauna huruma. Migomba yako inanipumulia mimi."

"Nitapona," baba akasema.

"Lini? Wazee wanauliza. Kibanja ni cha ukoo, kinataka mtu mwenye mikono miwili."

"Waambie waje. Wauone mkono."

Kwa miaka mingi nilitaka kumchukia Anselimi, na ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Hakuwa. Alikuwa na watoto na migomba na hofu kama mtu yeyote. Lakini alipotoka mama alitema mate uani, na shangazi akasema, "Mawe, mama yangu! Huyu ameshapima mpaka nyumba." Baba aliniita, akaniambia niwashe sola.

Tukacheza kila jioni. Sasa alirusha bila kusukumwa. Mkono ulienda nyuma, ukaja mbele, ukapanda. Vidole tu ndivyo vilivyobaki vimefungwa, ngumi ileile, na baba alikuwa akivitazama baada ya kila mchezo kama mtu anayegonga mlango na anajua ndani kuna watu.

Wazee walitangaza siku yao. Walikuwa watatu, na mkubwa wao ni Ta Kamugisha, mzee mrefu aliyetembea na fimbo asiyoiegemea. Mama aliomba viti kwa majirani. Shangazi alitayarisha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani yenye harufu kisha ikakaushwa, akaiweka kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Mgeni wa heshima akifika kwetu hawezi kuanza kuzungumza jambo kabla hajapewa kahawa hiyo, na kwa baba, kama ilivyokuwa kwa babu, mwenye nyumba ndiye aliyempa mgeni mkubwa punje za kwanza kiganjani, kwa mkono wake wa kulia. Wa kushoto haumpi mtu mzima kitu. Hata sisi watoto tulipigwa kwa hilo.

"Kikapu akizungushe mtoto," shangazi akamwambia baba asubuhi. "Wataelewa. Wewe ni mgonjwa."

"Wanakuja kutazama mkono," baba akasema. "Wautazame ukifanya kazi."

"Na vidole?"

"Vidole mtaviwekea punje ndani. Nitapeleka ngumi. Mzee ataweka kiganja chini, nami nitageuza. Zitadondoka zenyewe."

Walifanya jaribio jikoni, mama akiwa Ta Kamugisha. Evodia alizisukuma punje kwenye nafasi ndogo iliyokuwa kati ya vidole na kiganja, baba akapeleka ngumi mbele taratibu, akaigeuza, punje mbili zikadondoka kwa mama. Mama akainama akamshukuru kwa sauti ya kizee, "Webale, mwanangu," na wote wakacheka. Nilicheka mimi pia. Nilikuwa na uhakika siku hiyo itakwenda vizuri, kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu. Jana yake tulikuwa tumeangusha vibuyu vyote mara mbili mfululizo, na niliamini kile kiganja cha kwenye televisheni kimeshatoka na kiko njiani.

Wazee wakaingia. Shikamoo zikatolewa na marahaba zikarudi. Wakakaa. Anselimi akakaa nyuma yao, karibu na mlango. Televisheni ilikuwa imezimwa na kufunikwa kitambaa, na baba alisimama mbele yake, mahali palepale alipokuwa akisimama kila jioni.

Mara nyingi nimewaza kwamba angesimama upande mwingine wa chumba, mambo yangekwenda vingine.

Ta Kamugisha akanyoosha kiganja. Baba akavuta pumzi. Niliuona mguu wake wa kushoto ukisogea mbele, na bega likishuka, na kabla hajapata kuliamrisha vingine lilifanya jambo pekee lililokuwa limefundishwa. Mkono ukaenda nyuma. Ukaja mbele, kwa nguvu ambayo hatujawahi kuiona, ukapanda, na juu kabisa ya safari yake, vidole vikafunguka.

Vilifunguka vyote. Punje za kahawa zikaruka, zikamgonga mzee kifuani, zikatawanyika sakafuni, zikaviringika chini ya viti mpaka ukutani kwa sauti ndogo kama ya mvua inayoanza. Nami nikaruka juu, nikapiga makofi, nikapiga kelele, "Vyote! Vyote, baba!"

Baba akautazama mkono wake ulio wazi, vidole vitano vimenyooka mbele ya watu. Akacheka. Hakucheka kwa kejeli. Alicheka kama anayemwona ndugu aliyepotea akiingia mlangoni. Lakini wazee hawakuwa wamekaa na sisi jioni zote zile. Walichokiona ni mtu aliyewatupia kahawa usoni, mwanawe akashangilia, na yeye mwenyewe akacheka.

Ta Kamugisha akakung'uta punje moja iliyoshika kwenye shati lake. "Nimekula kahawa katika nyumba hii tangu enzi za baba yako," akasema. "Sijawahi kufukuzwa kwa kahawa."

"Mzee, waitu, sikuku..." Furaha na haraka vilimkaba baba, na maneno, ambayo hata siku nzuri yalitoka polepole, yakagoma kabisa. Akabaki ananyoosha ule mkono, akiuonyesha. Vidole vilikuwa vimeshaanza kujikunja tena.

Mama alipiga magoti. Shangazi alieleza habari za mchezo na vibuyu na kisanduku, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kuonekana ni uongo wa mjini. Mzee mmoja akauliza, "Mnataka kutuambia televisheni ndiyo iliyotupiga kahawa?" Anselimi peke yake hakusema kitu. Alikuwa anatazama sakafu, na nadhani yeye ndiye aliyeelewa, maana alikuwa amewahi kuchungulia dirishani tukicheza. Angeweza kusema. Hakusema.

Uamuzi ulitolewa uani. Anselimi atakishika kibanja mpaka kaka yake apone, na atakayekishika atakaa kwenye nyumba ya kibanja, yaani yetu, ili awe karibu na kazi. Sisi tukapewa kibanda cha mwisho wa shamba, kilichokuwa cha kuhifadhia kahawa. Paneli ilikuwa imepigiliwa kwenye bati la nyumba, na televisheni bila sola ni meza ndogo tu, kwa hiyo mama aliiacha palepale, na kisanduku cheupe kikabaki chini yake. Mimi nilikuwa na rimoti mfukoni. Hakuna aliyeiulizia.

Kile kibanda kilinuka kama haya magunia niliyoyalalia leo.

Baba hakufanya mazoezi tena. Mkono ulirudi ulikokuwa. Alikaa mlangoni mchana akitazama migomba yake iking'olewa na vijana wa Anselimi, na inapasa niseme kwamba waling'oa vizuri, walichoma mapanga yao motoni, na mnyauko ukasimama. Shangazi alirudi mjini. Mimi niliendelea kuamini kuwa mambo hayajaharibika sana. Mkono ulikuwa umebaki mle kwenye nyumba kubwa, mle kwenye televisheni, na siku moja tungeingia tukaufuata. Nilimweleza baba mpango huo. Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo watu wazima hawakuwa wakilifanya.

"Ulikuwa umefika," akasema. "Wewe uliuona, si ndiyo?"

"Niliuona. Vidole vyote."

"Basi tuko wawili."

Siku chache baadaye aliniita kutoka uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mkono wa kulia juu ya paja. "Pita ndani, mgeni," akasema. Nikacheka. "Kaa." Nikakaa kwenye gunia. Akaishika ngumi yake kwa mkono wa kushoto, akaiinua, akaileta mbele yangu kwa muda mrefu sana, jasho likimtiririka shingoni, nami nikaweka kiganja chini yake kama nilivyomwona mama akifanya jikoni. Akaigeuza. Punje moja ikadondoka.

Nikaitia mdomoni, nikaitafuna, nikakunja uso kwa uchungu wake, nikakimbia kurudi kucheza. Nilidhani ni mzaha. Ilinichukua miaka na barabara nyingi kuelewa kwamba baba hakuwa na mgeni mwingine wa kumpa heshima, wala hakuwa na kitu kingine cha kuniachia.

Alifariki kahawa ikiwa bado mbichi mitini. Alizikwa kwenye kibanja, kama ilivyo desturi, na Anselimi ndiye aliyeshika jembe la kwanza kuchimba. Walipomshusha nilimvuta mama kanga nikamuuliza mbona wanamzika kabla ya kuuchukua mkono wake, uko kwa baba mdogo, kwenye televisheni. Mama akanifunika mdomo kwa kiganja chake chenye udongo. Anselimi alisikia. Akaweka jembe chini, akaenda nyuma ya migomba, na hakurudi mpaka kaburi lilipofukiwa.

Shule niliiacha baada ya hapo, haikuwa uamuzi wa siku moja. Kulikuwa na mikungu ya kubeba na mama wa kusaidia, na kisha mama alipoolewa tena mbali na kwetu na Evodia akapata maisha yake, hapakuwa na mtu wa kuniuliza. Nikaanza kutembea. Rimoti ninayo mpaka leo. Nimeifungua mara nyingi kuliko redio zote za watu, na ndani yake nimekiona kidude kinachojua mkono unakwenda wapi. Ni kidogo kuliko punje ya kahawa. Kilijua mkono wa baba unakwenda wapi kabla yetu sote, na hakikuwa na mdomo wa kuwaambia wazee.

Kenta ilipopita njia panda ya Nyakatuntu, sikugonga bodi kuomba kushuka. Nilifumba macho mpaka nilipohisi tumeshapita. Dereva alichoka kunibeba Songambele, jua likiwa limeanza kuinama, akanishusha mbele ya duka lililoandikwa VYUMBA VIPO kwa mkaa. Sikuwahi kufika pale maishani.

Nyuma ya duka alikuwepo mama mzee akipepeta maharage. Nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Chumba? Kipo. Kitanda kizuri, chandarua kina tundu moja, nitalishona." Aliniangalia begi, akaniangalia viatu. "Kaa kwanza. Kwangu mtu haonyeshwi kitanda amesimama."

Akaingia ndani, akarudi na kikapu kidogo chenye kifuniko. Akachota punje, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko chake kwa adabu. Kabla hazijanifikia akasita.

"Unatoka wapi?"

Huwa nasema mji wowote nilioupita mwisho. "Nyakatuntu," nikasema.

"Kwa nani?"

"Kwa marehemu Ta Renatus."

Akafikiri. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha ya mtu aliyekumbuka hadithi nzuri. "Renatus yule! Yule wa mkono! Aliyewatupia wazee kahawa akacheka?" Akaanza kucheka yeye pia, punje zikitikisika kiganjani. "Mawe! Tulicheka sana huku. Mtu anawafukuza wazee wa ukoo kwa kahawa!"

Nilikuwa na begi begani bado. Ningeweza kuondoka, kuondoka ndicho kitu ninachokijua. Ngumi yangu ilikuwa imekunjika juu ya paja bila mimi kuiagiza.

"Hakuwatupia," nikasema. "Vidole vilifunguka."

Kicheko kikamwishia. Alinitazama usoni, akatazama ngumi yangu, na nadhani hapo ndipo alipojua mimi ni nani kwa yule mtu wa hadithi. Akavuta kigoda kwa mguu, akakaa mbele yangu, mkono wake bado umenyooka na kahawa bado iko ndani yake.

"Pokea, baba," akasema taratibu. "Halafu nieleze vizuri."

Nikatua begi chini. Nikaifungua ngumi, kidole kimoja kimoja, nikaweka kiganja chini ya mkono wake.